Mvua ya Kwanza na Viumbe Tusivyoviona

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu.

Sifa zote njema ni zake Mola aihuishaye ardhi baada ya kufa kwake, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote. Amma baad.

Ndugu zangu Waislamu,

Karatasi hii nimeiandika kwa mambo mawili. La kwanza ni kulipa deni. La pili ni kueleza jambo la mvua ambalo wengi wetu hapa Kisaju hatukupata kulisikia. Na mimi nilikuwa mmoja wao, mpaka aliponizindua kijana ambaye umri wake haufiki nusu ya umri wangu.

Deni lenyewe ni hili. Jioni moja, mwanzoni mwa vuli, tulikuwa katika darsa yetu baada ya sala ya Magharibi kama ilivyo ada. Jua lilikuwa limeiunguza nchi kwa miezi, na vumbi la mchana kutwa lilikuwa bado limetanda hewani. Mara upepo ukavuma, mabati yakalia, na matone ya kwanza yakaanguka. Ile harufu ya ardhi iliyorowa ikaingia mpaka ndani, kila mtu akavuta pumzi na kumhimidi Mungu. Hapo kijana mmoja, mwanafunzi wa sekondari, akasema kwa furaha: “Sheikh, harufu hii ni kazi ya vijidudu vya udongoni. Na mwalimu wetu atwambia kuwa viko vijidudu vingine hupanda mpaka mawinguni vikasaidia mvua kunyesha.”

Mzee mmoja akasema, “Astaghfirullah!” Nami, badala ya kumuuliza kijana alichokusudia, nikamkatiza. Nikamwambia mbele ya watu kwamba maneno hayo ni ya kufru, na kwamba mvua haiteremshwi ila na Mungu, basi naatubu. Kijana akainamisha kichwa. Juma la pili hakuja darsani, wala la tatu.

Ndugu zangu, mimi nimesoma vyuoni tangu utoto wangu. Nimesoma fiqhi na nahau na tafsiri mbele ya masheikh, na jambo la kwanza walilonifundisha ni kuwa mtu asihukumu asilolijua, khasa hukumu ya ukafiri, kwani hiyo ni nzito kuliko jabali. Nami niliitupa usoni mwa mtoto kwa wepesi wa kutupa kokwa ya tende. Basi nikaondoka, nikaenda kwa yule mwalimu wake wa sayansi, nikakaa mbele yake kama mwanachuo mdogo. Haya nitakayoyaeleza ni yale niliyoyasikia kwake, na niliyoyasoma baadaye na kuyahakikisha.

VUMBI LA NCHI YETU

Kila mkazi wa Kisaju aijua hali ya nchi hii. Ni uwanda wa nyasi, juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,500, ulionyoka kandokando ya njia iendayo Namanga, baina ya Kitengela na Isinya. Mvua zetu ni za misimu miwili, masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Disemba, na baina yake ni kiangazi. Ardhi yetu nyingi ni ile nyeusi ya mfinyanzi, ambayo ikinyeshewa hushika miguu kama gundi, na ikikauka hupasuka nyufa kisha ikawa unga. Malori hupita, mifugo hupita, na adhuhuri chamchela huinuka uwandani kama nguzo zinazotembea. Wako miongoni mwetu wasemao kuwa chamchela ni pepo anapita. Ni hewa tu, iliyopashwa moto na ardhi tupu, ikapanda kwa kuzunguka na kulibeba lililo jepesi.

Lakini hilo linalobebwa si vumbi peke yake. Ndani yake mna bakteria, yaani viumbe vya seli moja ambavyo havionekani ila kwa darubini. Mna mbegu za kuvu na ukungu, chavuo la nyasi, na vipande vya majani yaliyooza. Viumbe vingi katika hivi vimeumbwa na uwezo wa kuvumilia. Kiangazi kikizidi, hujifunga na kulala, na vikipata unyevu huamka. Kwa hiyo mtu asimamaye uwandani wakati wa ukame, akadhani kuwa nchi imekufa, ajue kuwa chini ya kiatu chake, na hata katika pumzi anayoivuta, mna umma mkubwa wenye kungoja mvua kama anavyoingoja yeye.

BARAFU NDANI YA WINGU

Sasa tupande juu. Katika nchi zetu za Ikweta, hewa hufika kiwango cha kugandisha maji kiasi cha mita 4,500 hadi 5,000 juu ya bahari. Wala hapana haja ya kusafiri kutafuta dalili. Asubuhi ya hewa safi wakazi wengi wa kaunti hii ya Kajiado huuona Kilimanjaro, wenye kimo cha mita 5,895, na kileleni kwake barafu, hali ya kuwa chini yake watu wapata joto. Mawingu makubwa ya ngurumo hupanda kupita kimo hicho mbali sana.

Mtu atadhani kuwa matone ya wingu yakipita hapo huganda mara moja. Sivyo. Tone dogo la maji yaliyo safi kabisa laweza kubaki maji mpaka baridi ifike kiasi cha nyuzi 38 chini ya sifuri. Ili ligande kabla ya hapo lahitaji kitu cha kuanzia, chembe ambayo maji yatajipanga juu yake kama askari wanavyojipanga nyuma ya kiongozi wao. Vumbi la madini laifanya kazi hiyo, lakini kwa kawaida huanza kuifanya vizuri hewa ifikapo nyuzi 15 chini ya sifuri, au baridi zaidi ya hiyo. Chembe moja ikishaganda ndani ya wingu la namna hiyo, huvuta mvuke kutoka kwa matone yaliyo kando yake, ikakua, ikawa nzito, ikaanza kuanguka. Ikipita katika hewa ya joto huyeyuka, nasi chini twaipokea kuwa ni tone la mvua.

Haya si kwa kila mvua. Manyunyu mengi ya pwani hutoka katika mawingu mafupi yasiyofika penye baridi, ambamo matone hugongana na kuungana mpaka yakalemea. Lakini mvua kubwa za ngurumo za bara, na mvua ya mawe, barafu ina sehemu kubwa ndani yake.

Kulijua hili ndiko kuliwafanya watu, tangu mwaka 1946, kujaribu kutia mawinguni barafu kavu, na baadaye moshi wa iodidi ya fedha, kwa kuwa umbo la chembe zake lakaribiana na umbo la barafu. Nao hawaumbi wingu. Pasipo wingu lenye maji, hata watie shehena nzima, halidondoki tone.

KERICHO NA MAJANI YA CHAI

Sasa sikilizeni ajabu. Mwaka 1972 wataalamu wawili, Russell Schnell na Gabor Vali, walichapisha khabari kuwa majani yaliyooza hutoa chembe zianzishazo barafu, tena kwa baridi ndogo kuliko vumbi la madini. Mwaka 1974 ikajulikana kuwa mwenye kazi hiyo ni bakteria akaaye majanini, aitwaye Pseudomonas syringae. Bakteria huyu ana protini katika ngozi yake ya nje ambayo huyapanga maji mpaka yakaganda kwa nyuzi 2 tu chini ya sifuri. Si mgeni katika nchi hii, kwani yuko wa jamii yake ambaye ni ugonjwa wa mibuni ya Kenya, huikausha matawi. Mwaka 1982 mtaalamu mwingine, David Sands, akatoa rai kuwa bakteria wa namna hii huondoka majanini kwa upepo, wakafika mawinguni, wakasaidia mvua kuteremka, kisha wakarejea nayo katika majani mengine.

Na katika mwaka huo huo wa 1982 yule Schnell alichapisha, pamoja na mwenziwe, utafiti uliofanywa papa hapa Kenya. Kericho na milima ya Nandi ni katika mahali duniani panaponyesha mvua ya mawe kwa wingi. Mvua hiyo huchana majani ya chai na kuwatia watu hasara kubwa, hata katika miaka ya 1960 ndege zilirushwa kuyatia mawingu ile iodidi ya fedha, ili mawe yavunjike nguvu. Schnell alitazama chini badala ya juu. Akaona kuwa takataka za majani ya chai, yale yaliyoanguka yakaoza chini ya michai, zimejaa chembe zianzishazo barafu, na kuwa wachumaji wapitapo baina ya michai huzitibua, nazo zikainuka hewani.

Basi zingatieni. Mama apita shambani na kikapu mgongoni atafuta riziki ya wanawe, na kwa unyayo wake ainua chembe ambayo huenda ikawa ndiyo kiini cha jiwe la barafu. Yeye hana khabari, wala jiwe halina khabari. Mwenye khabari ni Mmoja.

MVUA IPIGAPO ARDHI KAVU

Tumezungumza juu ya chembe zipandazo. Sasa tutazame mvua yenyewe huzifanyaje, na hili ndilo alilotaka kulieleza kijana wetu kabla sijamfunga mdomo.

Mvua ina kazi mbili zinazofanana na kupingana. Kwanza huosha. Kila tone lishukapo huikumba chembe iliyo njiani mwake na kuishusha, na ndiyo maana baada ya mvua nyingi twaiona milima ya mbali kana kwamba imesogea. Pili huinua. Mwaka 2015 wataalamu wa chuo cha MIT, Marekani, waliyapiga picha za kasi matone yaliyokuwa yakianguka juu ya udongo. Wakaona kuwa tone ligusapo udongo mkavu wenye vitundu hufungia hewa chini yake, hewa hiyo ikawa mapovu, yakapanda ndani ya tone na kupasuka, yakarusha juu vijitone vidogo mno kama pumzi. Mwaka 2017 wakaonyesha kuwa vijitone hivyo hubeba bakteria wa udongoni wakiwa hai, na kwamba tone moja laweza kurusha mamia, hata maelfu, nao wakaishi hewani zaidi ya saa nzima. Tena mvua ndogo na ya wastani huirusha zaidi kuliko mvua ya kumwagika, kwani matone ya hiyo kubwa huugonga udongo kwa kasi, mapovu yasipate nafasi.

Ile harufu nayo khabari yake ni hiyo hiyo. Mwaka 1964 wataalamu wawili wa Australia, Isabel Joy Bear na Richard Thomas, walieleza kuwa mawe na udongo wa nchi kavu hukusanya mafuta fulani wakati wa kiangazi, na mvua huyatoa. Pamoja nayo iko jiosmini, ambayo hutengenezwa khasa na bakteria wa udongoni waitwao Streptomyces. Na katika jamii hiyo hiyo ndiko ilikotoka, mwaka 1943, dawa ya streptomisini iliyowaponya wagonjwa wa kifua kikuu wasio na hesabu. Basi yule kijana alisema kweli. Tulipokuwa tukiivuta harufu na kumhimidi Mola wetu, tulikuwa tukivuta kazi ya viumbe vyake.

Tena mwaka 2011, katika msitu wa misonobari wa Colorado, Marekani, katika nchi isiyo na mvua nyingi, wataalamu waliipima hewa kabla ya mvua, wakati wa mvua, na baada yake. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Mvua ilipoanza, chembe za viumbe hai ziliongezeka hata kufika mara kumi, na chembe zianzishazo barafu zikaongezeka pamoja nazo, na hali hiyo ikaendelea hata mvua ilipokatika, maadamu majani na ardhi vilikuwa na unyevu. Maana yake ni kuwa mvua ya leo hutawanya hewani mbegu ambazo huenda zikaisaidia mvua ya kesho. Ni kiasi gani husaidia, wenye ilimu hiyo wangali wakijadiliana, nasi tusiwe wepesi kuwapita.

HUKUMU YA JAMBO HILI

Je, mwenye kuyasema haya amekufuru?

Nilipolichunguza kosa langu niliona kuwa asili yake si kulinda tauhidi kama nilivyodhani. Jirani zetu Wamaasai wana neno moja, Enkai, kwa Mungu na kwa mvua. Sisi hujiona kuwa tumetofautisha baina ya Muumba na kiumbe chake. Lakini nilipokasirika kwa sababu mtoto ameieleza mvua, nilikuwa kama niliyeona kuwa mvua ikielezeka, Mungu amepungua. Kana kwamba Yeye akaa katika lile tusilolijua, na kila tukijua jambo humfukuza hatua moja. Hiyo ni itikadi mbovu. Mungu si jina la ujinga wetu. Yeye ni Mola wa tunalolijua kama alivyo Mola wa tusilolijua.

Mmesikia hadithi ya Hudaybiya, aliyoipokea Zaid bin Khalid, nayo imo katika Bukhari na Muslim. Ilinyesha usiku, na baada ya sala ya alfajiri Mtume s.a.w. akawapasha masahaba kuwa asubuhi hiyo waja wamegawanyika. Aliyeinasibisha mvua na fadhila ya Mungu ni mwenye kumwamini Yeye, na aliyeinasibisha na nyota ni mwenye kuiamini nyota. Wanavyuoni wakaeleza kuwa kinachokatazwa ni kuitakidi kuwa nyota ndiyo itendayo kwa uwezo wake. Ama mwenye kusema kuwa mvua huja katika majira fulani, kwa ada aliyoiweka Mungu, hana lawama. Basi na bakteria hukumu yake ni hiyo hiyo. Mwenye kusema kuwa huyo ndiye muumba wa mvua amepotea. Mwenye kusema kuwa ni sababu miongoni mwa sababu, ameshuhudia hekima ya aliyeziweka.

Imamu Ghazali alipojadiliana na wanafalsafa alitoa mfano wa pamba na moto, akasema kuwa kuungua ni kitendo cha Mungu. Wala hakutwambia kuwa tuliweke taa karibu na pamba tukalale.

Na upande wa pili nahadharisha. Wako wasemaji siku hizi ambao kila likizuka jambo katika sayansi hukimbilia Msahafu wakasema kuwa limo. Katika Sura ya Hijri, aya ya 22, pepo zimesifiwa kwa sifa ya kurutubisha, kisha yakatajwa maji ya mvua. Wafasiri wa zamani walitofautiana, wako waliosema kuwa hurutubisha mawingu, na wako waliosema kuwa hurutubisha miti. Aya hiyo yafurahisha moyo wa mwenye kuyajua tuliyoyataja. Lakini tusiseme kuwa imeteremka kumtaja bakteria wa majani, kwani rai za watu hubadilika kila mwaka, na maneno ya Mungu hayabadiliki. Tukiyafunga pamoja kwa kamba moja, siku rai itakapoanguka tutakuwa tumewapa wajinga sababu ya kulitilia shaka lisilo na shaka.

TUFANYE NINI

Ilimu isiyofuatwa na amali ni mzigo. Basi haya ndiyo yatupasayo.

Kwanza, maji ya paa. Wengi wetu hapa hukinga mvua, kwa kuwa maji ya visima vingi ni ya chumvi. Mabati yetu hukusanya kwa miezi vumbi, vinyesi vya ndege, na viumbe tulivyovitaja. Mvua ya kwanza ya msimu huyaosha yote hayo, na sisi kwa pupa tukayapeleka tangini, tukawanywesha watoto. Ugeuzeni mfereji, maji ya kwanza yaende kwenye miti. Milimita moja ya mvua juu ya paa la mita 50 za mraba ni lita 50. Kiasi hicho kimwagwe, ndipo tangi lifunguliwe. Na maji ya kunywa yachemshwe. Mtume s.a.w. ametuamuru tufunike vyombo na tufunge vinywa vya viriba, naye katika hadithi iliyo katika Muslim akaeleza kuwa uko usiku katika mwaka ambao maradhi hushuka, yasipite penye chombo kisichofunikwa ila huingia. Tumekuwa hodari wa kuihifadhi hadithi, na tangi zetu ziko wazi.

Pili, wenye pumu. Upepo ule utanguliao mvua, ambao watoto huukimbilia kwa furaha, si mwema kwa kila kifua. Tarehe 21 Novemba 2016, katika mji wa Melbourne, Australia, dhoruba ya ngurumo ilipasua chavuo la nyasi likawa laini, watu maelfu wakashikwa na pumzi, na 10 wakafariki. Sisi tumezungukwa na nyasi. Mwenye pumu naaingie ndani wakati huo, afunge madirisha, na dawa yake iwe karibu. Ni sunna kuipokea mvua mwilini, kwani Mtume s.a.w. aliifunua nguo yake mvua ikampata. Na ni sunna vilevile kutojidhuru.

Tatu, ardhi yenyewe. Ukiondoa nyasi na miti, huondoi kivuli tu. Umeiondoa nyumba ya viumbe wale wakaao majanini, na umeufungua udongo uwe vumbi. Tuliona katika ukame ulioanza mwishoni mwa 2020, misimu mitano ikapita pasipo mvua ya kutosha, mizoga ya ng’ombe ikajaa uwandani. Kisha mwaka 2024 ilipokuja kwa wingi, mto wa Athi ukafurika na kuingia majumbani mwa watu. Sisemi kuwa mti mmoja wa Kisaju utaleta wingu. Nasema kuwa ardhi iliyovikwa huipokea mvua kama mgeni, na ardhi iliyo uchi huipokea kama adui. Na Mtume s.a.w. amemhimiza mwenye mche mkononi aupande hata Kiyama kikisimama. Basi mwenye kukata mkaa leo, na Kiyama bado, atajibu nini?

Nne, nawahadharisha na wauzao hirizi za kuita mvua au kuzuia mawe, na wachinjishao watu chini ya miti. Hawa ndio wenye kumnasibishia mvua asiyekuwa Mungu, na yastaajabisha kuwa sisi huwanyamazia wao tukamkemea mtoto wa skuli. Njia yetu wakati wa ukame ni sala ya kuomba mvua, toba, na kurudisha haki za watu.

KULIPA DENI

Ndugu zangu, nilikwenda nyumbani kwao yule kijana. Alinipokea kwa adabu, akanishika mkono na kuuinamia kama wafanyavyo vijana wetu kwa mwalimu wao, nami nikaona haya. Nikamwambia kuwa nimekosa. Akanyamaza kidogo, kisha akanambia, “Sheikh, mimi siku ile nilitaka kusema tu kuwa Mungu ametuumbia hata harufu yake.”

Nikamwomba arudi. Akasema kuwa atarudi, lakini wenziwe wawili waliosikia neno langu usiku ule wamesema kuwa hawatarudi, kwa kuwa pale huwezi kusema ulilolisoma. Hao wawili bado hawajaja. Basi deni langu halijesha, na ndiyo maana nimeliandika hapa, ili lisomwe na wale walioliona kosa langu na wale waliosimuliwa. Nililisema mbele ya watu, na mbele ya watu nalirudisha. Neno lile halikuwa la haki. Kijana yule hakukufuru, na mimi ndiye niliyekuwa na haja ya toba.

Na wazazi wa vijana wale wawili, karatasi hii ikiwafikia, nawaomba wawaambie kuwa nafasi zao zingali wazi, na kuwa kuanzia sasa kila darsa itakuwa na fungu la masuala, aulize mwenye kuuliza, na tusilolijua tutalitafuta kwa wenyewe.

Ewe Mola wetu, tupe mvua yenye manufaa, isiyo ya kubomoa wala ya kuzamisha. Tupe ilimu itakayotuzidishia khofu yako na huruma kwa waja wako. Utusamehe tuliyoyasema kwa ujinga tukidhani kuwa twaitetea dini yako, na uwarudishe kwetu wale tuliowafukuza kwa ndimi zetu. Amin.

Wassalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.